Kuganda kwa Damu ya Ndege na ya Mamalia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa huulizwa na wafugaji, na wanafunzi wa tiba ya wanyama, na watu waliomwona ndege akivuja damu wakashindwa kujua kama wahangaike au watulie. Mengine yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yamechukua nafasi kubwa kwa sababu vitabu vingi hueleza damu ya binadamu, kisha huacha msomaji adhani ndege naye ni hivyohivyo.

Kwa ufupi, tofauti iko wapi?

Si kwenye donge lenyewe. Kwa ng'ombe, kwa binadamu, kwa kuku na kwa tai, mwisho wa safari ni uleule: protini iitwayo fibrinojeni, iliyoyeyuka ndani ya damu, hugeuzwa kuwa nyuzi za fibrini, na nyuzi hizo hufanya wavu unaonasa seli na kuziba tundu.

Tofauti ziko mahali pawili. Ya kwanza ni namna kazi inavyoanzishwa: mamalia wana njia mbili za kuianzisha, ndege hutegemea moja. Ya pili ni chembe zinazokimbilia jeraha: mamalia wana vipande vidogo vya seli visivyo na kiini, viitwavyo chembe sahani; ndege wana seli kamili zenye kiini, ziitwazo thrombosaiti. Karibu kila ajabu utakayosikia kuhusu damu ya ndege inatokana na mojawapo ya hizo mbili.

Damu ya mamalia huganda vipi?

Mshipa ukikatika, hunywea kwanza. Kisha chembe sahani hujishikiza kwenye kolajeni, protini ya nyuzinyuzi iliyo chini ya ukuta uliochanika, huitana na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Hapo tayari kuna kizibo laini. Wakati huohuo protini za damu, ambazo wataalamu huziita faktori na kuzipa namba za Kirumi kuanzia I hadi XIII, huanza kuamshana moja baada ya nyingine. Mwaka 1964 Macfarlane nchini Uingereza, na Davie na Ratnoff nchini Marekani, walieleza kila upande kwa wakati wake kwamba protini hizi hufanya kazi kwa mfuatano, kila moja ikiwa kimeng'enya kinachoamsha nyingine, na kwa kila hatua idadi inaongezeka. Ndiyo maana kichocheo kidogo mwanzoni huzaa thrombini nyingi mwishoni. Thrombini ndiyo inayokata fibrinojeni iwe fibrini, na faktori XIII huzifunga nyuzi zisiachane.

Mfuatano huo unaweza kuanzia sehemu mbili. Njia ya nje huanza pale damu inapokutana na faktori ya tishu, protini ambayo kwa kawaida hukaa nje ya mishipa. Ikishikana na faktori VII, kazi imeanza. Njia ya ndani huanza damu inapogusa uso wenye chaji hasi, kama kioo au udongo wa kaolini. Hapo anayeamka kwanza ni faktori XII, ambayo huamsha XI, nayo huamsha IX, na kuendelea.

Shule nyingi hufundisha njia hizi mbili kana kwamba zina uzito sawa mwilini. Hazina. Ndani ya mwili ulio hai, jeraha la kawaida huanzishiwa kazi na faktori ya tishu. Njia ya ndani kwa sura yake ya kitabuni ni zaidi jambo la chupa ya maabara, na ndege ni ushahidi mzuri wa hilo.

Ndege wamekosa nini hasa?

Wamekosa faktori XII. Wachunguzi wa maabara waliishuku hali hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu damu ya kuku ilikuwa haijali sana kama imewekwa kwenye kioo au kwenye chombo kilichopakwa nta. Jenomu ya kuku ilipochapishwa mwaka 2004, jeni la faktori XII halikuonekana. Zaidi ya hapo, mahali ambapo mamalia wana jeni mbili za jamaa, moja ya faktori XI na nyingine ya prikalikreini, ndege wana moja tu ya kale ambayo haikugawanyika.

Faktori nyingine muhimu zipo: fibrinojeni, prothrombini, V, VII, VIII, IX, X. Ini la ndege huzitengeneza nyingi kati yake kama ini la mamalia linavyofanya. Kwa hiyo si kweli kwamba ndege wana mfumo nusu. Wana mfumo wenye mlango mmoja.

Kama faktori XII haipo, mbona hawafi kwa kuvuja damu?

Kwa sababu haihitajiki kwa kazi hiyo, hata kwa binadamu. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha John Hageman, mfanyakazi wa reli nchini Marekani. Alipimwa damu akijiandaa kwa upasuaji wa vidonda vya tumbo, na damu yake ikachelewa mno kuganda kwenye kioo. Lakini mtu mwenyewe hakuwa na historia yoyote ya kuvuja damu. Ratnoff na Colopy walieleza hali yake mwaka 1955, na kwa muda mrefu faktori XII iliitwa faktori ya Hageman. Alifariki mwaka 1968, na kilichomuua si kuvuja damu: alivunjika nyonga, kisha donge la damu likaenda kuziba mshipa wa pafu. Mtu asiye na "kianzio" cha kugandisha damu akafa kwa damu iliyoganda. Ni vigumu kupata hoja iliyo wazi kuliko hiyo.

Linganisha na faktori VIII au IX. Mtu akizaliwa bila VIII ana hemofilia A, na bila IX ana hemofilia B, na wote huvuja damu kwenye viungo na misuli. Hizo ndizo faktori zisizosameheka, na ndizo ndege walizobaki nazo.

Thrombosaiti ni nini, na inatofautianaje na chembe sahani?

Hapa pana utajiri, kwa hiyo tukae kidogo.

Chembe sahani za mamalia si seli kwa maana kamili. Ndani ya uboho kuna seli kubwa mno, megakariosaiti, ambazo huchomoza mikono mirefu hadi ndani ya mishipa na kumeguka maelfu ya vipande. Kila kipande ni chembe sahani: upana wa mikromita 2 hadi 3, hakina kiini, na kwa binadamu huishi siku 7 hadi 10. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu.

Ndege hawana megakariosaiti kabisa. Thrombosaiti zao hukua kwenye uboho kutoka kwa seli mama yao wenyewe, zikapevuka huku zikibaki na kiini chao. Zina umbo la yai, ni kubwa kuliko chembe sahani, na kwa kuku idadi yake mara nyingi iko karibu 20,000 hadi 30,000 kwa mikrolita. Chini ya hadubini, mwanafunzi anayeanza huzichanganya na limfosaiti ndogo, aina ya chembe nyeupe za damu, karibu kila mara. Kinachosaidia ni kutazama saitoplazimu: ya thrombosaiti ni angavu, mara nyingi ina vipovu au chembechembe nyekundu upande mmoja, na kiini kimekolea rangi. Kidokezo kingine ni kwamba thrombosaiti hupenda kukaa kwa makundi kwenye slaidi, na limfosaiti hazina tabia hiyo.

Tabia zake nazo zinatofautiana. Kolajeni na thrombini huamsha zote mbili, na thrombosaiti za kuku huitikia pia serotonini. Lakini ADP, kemikali ambayo chembe sahani za mamalia hutumia kuitana, haizigusi thrombosaiti za kuku. Dawa ya klopidogreli, wanayopewa wagonjwa wengi wa moyo, hufanya kazi kwa kuziba kipokezi cha ADP. Mtu anayefikiri kumpa kasuku dawa hiyo kwa mantiki ya binadamu ajue kwamba mantiki yenyewe imekatikia hapo.

Halafu kuna kazi ya pili. Thrombosaiti humeza bakteria, hutambua alama za vijidudu na kutoa kemikali za kuamsha uvimbe. Ni askari wa kinga wanaofanya pia kazi ya kuziba tundu, au kinyume chake. Inategemea unaanzia wapi. Chembe sahani za mamalia nazo zina mchango katika kinga, ila zimeegemea upande wa kuziba.

Je, ndege hupata donge la kuziba mshipa, kama binadamu anavyopata kiharusi?

Ni nadra sana. Na hili linashangaza, kwa sababu masharti yote yapo. Ndege wana shinikizo kubwa la damu. Bata mzinga dume wanaokua haraka wanajulikana kwa kupasuka aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, ghafla na kufa. Ugonjwa wa mafuta kuganda kwenye kuta za ateri nao upo, hasa kwa kasuku wanaofugwa ndani kwa miaka mingi na kwa njiwa wa jamii fulani waliotumika kwenye utafiti. Ateri hukakamaa na kupungua upana. Lakini ile hatua ya mwisho inayowaua binadamu, yaani donge linaloota ghafla juu ya ukuta uliochubuka na kufunga ateri nzima, huonekana mara chache mno.

Mwaka 2011 kikundi cha watafiti nchini Marekani kilichapisha jaribio lililogusa swali hili moja kwa moja. Walijeruhi ateri ya shingo ya panya na ya kasuku wadogo wa Australia, ambao mtiririko wa damu katika ateri hiyo unakaribiana na wa panya. Kwa panya, donge lilijengeka hadi kuziba. Kwa kasuku, halikuziba. Sababu waliyoiona ni kwamba thrombosaiti zina kiasi kidogo sana cha kipokezi kinachoshika fibrinojeni, kile ambacho chembe sahani hutumia kuungana zenyewe kwa zenyewe. Pia hazijitandazi vizuri juu ya kolajeni. Zinaweza kushikilia jeraha, ila haziwezi kurundikana ngazi juu ya ngazi huku damu ikizisukuma kwa kasi.

Maana yake ni nzito kidogo. Kinachomuua mtu kwa shambulio la moyo ni uwezo uleule unaomwokoa akikatwa na panga. Mamalia walipata kizibo chenye nguvu mno na wakalipa gharama yake. Ndege hawakuingia kwenye mkataba huo.

Nilitoa damu ya kuku ikaganda ndani ya sindano kabla sijamaliza. Safari nyingine ikakaa muda mrefu bila kuganda. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalowachanganya wengi, na jibu lake linaonyesha mfumo wa ndege ulivyo kuliko mchoro wowote.

Damu ya ndege ikitolewa safi, sindano ikaingia moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchokonoa nyama, huchelewa sana kuganda hata ikiwa ndani ya kioo. Hakuna faktori XII ya kustushwa na kioo. Lakini sindano ikipapasa huku na huku chini ya ngozi kabla ya kuupata mshipa, inabeba maji ya tishu, na maji hayo yamejaa faktori ya tishu. Tone dogo tu linatosha. Damu inaganda mkononi mwako.

Kwa hiyo muda wa damu nzima kuganda kwenye chupa, kwa ndege, hupima zaidi ustadi wa mtoaji kuliko afya ya ndege. Ukisoma maandishi ya zamani yanayotoa muda wa kuganda kwa kuku kuanzia dakika chache hadi saa kadhaa, usidhani kuku walikuwa tofauti. Mikono ilikuwa tofauti.

Basi maabara itumie kipimo gani?

Muda wa prothrombini, ule unaoanzishwa kwa faktori ya tishu, ndio wenye maana. Una sharti moja ambalo maabara nyingi hulisahau: kitendanishi kitokane na ndege, kwa kawaida ubongo wa kuku. Kitendanishi cha ubongo wa sungura, kinachofanya vizuri kwa damu ya binadamu, hakilingani vizuri na faktori za ndege, na majibu hutoka marefu kana kwamba ndege mwenye afya ana ugonjwa wa ini. Mgonjwa amezuliwa na kemikali.

Kipimo cha njia ya ndani, kinachotumia kaolini au silika kuamsha faktori XII, kwa ndege hakina cha kuamsha. Kiacheni.

Fibrinojeni inaweza kukadiriwa kwa njia ya zamani ya kupasha plazima hadi nyuzijoto 56 za Selsiasi, ambapo hujitenga na kutuama. Ni njia ya kukadiria tu, ila inafaa, hasa kwa sababu fibrinojeni ya ndege hupanda wakati wa maambukizi.

Kuhesabu thrombosaiti ni kazi ya macho. Mashine za kawaida hutenganisha seli kwa ukubwa na kwa kuondoa chembe nyekundu, na chembe nyekundu za ndege zina kiini pia, kwa hiyo mashine huchanganyikiwa. Watu bado hutumia chemba ya kuhesabia na rangi ya Natt na Herrick ya mwaka 1952, au hukadiria kwenye slaidi.

Neno kuhusu chupa: kwa vipimo vya kuganda tumia sitreti, kemikali ya kuzuia damu isigande chupani, sehemu moja kwa tisa za damu. EDTA, kemikali nyingine ya kazi hiyo, ni nzuri kwa slaidi za ndege wengi, lakini hupasua chembe nyekundu za baadhi yao, wakiwemo jamii ya kunguru na korongo wenye taji. Heparini huzuia damu isigande, ila hufanya seli zishikamane zenyewe kwa zenyewe, na slaidi hupata kivuli cha buluu.

Ni kweli vitamini K iligunduliwa kupitia vifaranga?

Kweli kabisa. Henrik Dam, mwanabiokemia wa Copenhagen, alikuwa anachunguza jambo jingine: kama vifaranga wanaweza kujitengenezea kolesteroli. Aliwalisha chakula kilichoondolewa mafuta. Mwaka 1929 alieleza kwamba walianza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, na damu yao ilichelewa kuganda. Kuwarudishia kolesteroli hakukusaidia, vitamini C haikusaidia. Mwaka 1935 alitangaza kwamba ni vitamini mpya inayoyeyuka katika mafuta, akaipa herufi K kutokana na neno la kuganda katika lugha za Kijerumani na Kidenmaki. Edward Doisy wa Saint Louis aliitenga na kufumbua muundo wake. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Bahati yake ilikuwa kutumia kifaranga. Panya ni mgumu kuishiwa vitamini K, kwa sababu bakteria wa utumbo wake huitengeneza na yeye hula mavi yake. Jaribio lilelile kwa panya lingeweza kupita bila mtu kuona chochote.

Kazi ya vitamini hii ni ileile kwa makundi yote mawili. Ini likitengeneza prothrombini na faktori VII, IX na X, vitamini K husaidia kuziongezea sehemu inayoshika kalsiamu. Bila sehemu hiyo, protini zipo kwenye damu lakini haziwezi kukaa juu ya utando wa seli ambako kazi hufanyika.

Kwa nini kifaranga huishiwa vitamini K haraka hivyo?

Sababu kadhaa kwa pamoja. Utumbo wake ni mfupi, na bakteria wanaotengeneza vitamini hiyo wako mwishoni, mahali pa kufyonza kidogo. Akiba yake hutegemea kile mama alichoweka kwenye yai. Na ini lake lina uwezo mdogo wa kuitengeneza upya vitamini iliyokwisha tumika, kwa hiyo mahitaji yake kwa uzito ni makubwa kuliko ya mamalia wengi.

Ongeza dawa. Salfakwinoksalini, dawa ya kale ya koksidiosisi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo), huzuia kimeng'enya kilekile kinachorejesha vitamini K, na ikizidishwa kipimo kuku huanza kuvuja damu. Dawa za kuua bakteria zikitolewa kwa muda mrefu hupunguza kile kidogo kinachotengenezwa utumboni. Sumukuvu ya aflatoksini hushambulia ini, kwa hiyo hata vitamini ikiwepo, kiwanda kimeharibika. Viwanda vya chakula cha kuku huongeza vitamini K3 kwa sababu hizi. Ukiona vifaranga wenye mabaka ya damu iliyovilia kwenye mbawa na mapaja baada ya kushikwa tu kidogo, anza kuuliza kuhusu chakula na dawa kabla ya kutafuta virusi.

Sumu ya panya inawadhuru ndege?

Ndiyo, ingawa si kila sumu kwa kiwango kimoja. Hadithi yake ilianza na ng'ombe: miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe waliolishwa majani ya klova yaliyoota ukungu walivuja damu hadi kufa. Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin waliitenga kemikali husika, dikumaroli, na baadaye ikazaliwa warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Zote huzuia vitamini K isirejeshwe kazini.

Kwa warfarini yenyewe, ndege kwa kawaida huhimili zaidi kuliko mamalia. Sumu za kizazi cha pili kama brodifakumu ni jambo jingine. Zina nguvu zaidi na hukaa kwenye ini kwa muda mrefu. Bundi au mwewe anayekula panya mmoja mwenye sumu leo na mwingine wiki ijayo hujikusanyia, na siku moja mgongano mdogo na tawi unageuka kuwa damu isiyokoma. Tiba ni vitamini K1 kwa wiki kadhaa. K3 ya kwenye chakula cha kuku haifai kwa kazi hiyo.

Ndege wangu mdogo anavuja damu. Nifanye nini, na ni kiasi gani ni hatari?

Kwanza hesabu. Damu ya ndege ni karibu asilimia 10 ya uzito wake, au pungufu kidogo. Kasuku mdogo wa gramu 30 ana takriban mililita 3. Matone 20 ni kama mililita moja. Kwa ndege mwenye afya, madaktari hujizuia wasitoe zaidi ya asilimia moja ya uzito kwa ajili ya vipimo, yaani mililita 0.3 kwa ndege huyo, matone sita hivi. Matone sita yaliyosambaa kwenye karatasi nyeupe yanatisha macho, lakini hayaui. Ishirini ni dharura.

Ndege wana faida moja: huvuta maji kutoka kwenye tishu kuingia kwenye mishipa kwa kasi, na mara nyingi huhimili kupoteza damu kwa uwiano ambao mamalia wa uzito huo asingeuhimili. Usiitegemee sana.

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa upole, dakika mbili au tatu bila kufunua kila sekunde kuchungulia. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo kama cha mamalia. Hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, na ukimshika kwa nguvu hapo atakosa hewa kabla damu haijakata. Ukucha uliokatika unaweza kupakwa unga laini wa wanga. Zile poda za dukani za kukausha damu ni za ukucha pekee, kwa sababu huunguza nyama.

Unyoya unaokua ni habari nyingine. Shina lake bado limejaa damu, na likivunjika hutoa damu nyingi kuliko unavyotarajia. Damu ikiwa imekwisha kata, uache. Ikiendelea licha ya kubonyeza, mpeleke kwa daktari, ambaye ataamua kama ung'olewe. Kung'oa vibaya kunaweza kuharibu kifuko unakoota. Baadaye mweke mahali pa joto, penye giza kidogo na utulivu, kwani woga hupandisha shinikizo la damu.

Mafua makali ya ndege huwafanyaje kuku wavuje damu?

Virusi vya H5N1 vinapoingia mwilini mwa kuku hushambulia seli zinazotandika ndani ya mishipa. Ukuta ukiharibika kila mahali kwa wakati mmoja, faktori ya tishu nayo hufunuliwa kila mahali, vidonge vidogo vya damu hujaa kwenye mishipa midogo, na faktori zilizopo hutumika zikaisha. Ndipo damu huvuja kwenye undu, miguuni na ndani ya viungo. Mnyama anagandisha na kuvuja kwa pamoja. Bata wengi hubeba virusi hivyohivyo bila kushambuliwa mishipa kwa kiasi hicho, na hiyo ni sehemu ya sababu wanaweza kuonekana wazima huku wakisambaza.

Faktori XII ilipotea lini kwa ndege, au hawakuwahi kuwa nayo?

Walipoteza. Samaki wa kawaida hawana jeni hilo, vyura wanalo, mamalia wengi wanalo. Maelezo mepesi ni kwamba lilitokea kabla ya ukoo wa mamalia na ule wa mijusi na ndege kutengana, kisha ndege wakaliacha.

Na si wao tu. Nyangumi na pomboo, ambao ni mamalia halisi wenye chembe sahani zisizo na kiini, nao hawana faktori XII inayofanya kazi. Jeni lao limevunjika. Kwa hiyo anayesema "mamalia wana, ndege hawana" yuko sahihi kwa sehemu kubwa, lakini baharini kauli hiyo inazama.

Haya yote yanamsaidiaje binadamu?

Yamesaidia kuuliza kama inawezekana kuzuia madonge hatari bila kumfanya mgonjwa avuje damu. Dawa za sasa, kuanzia warfarini hadi zile zinazozuia faktori X, hugusa sehemu ambayo mwili unaihitaji kwa kila jeraha. Ikiwa ndege, pomboo na bwana Hageman waliishi bila faktori XII, na watu wasio na XI mara nyingi huvuja kidogo tu, basi huenda dawa ilenge huko juu.

Dawa za kuzuia faktori XI zimefika kwenye majaribio makubwa kwa wagonjwa. Haijawa njia ya mteremko: mwaka 2023 jaribio la asundeksiani, mojawapo ya dawa hizo, kwa watu wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio lilisimamishwa mapema kwa sababu dawa hiyo ilizuia kiharusi vibaya kuliko apiksabani, mojawapo ya zile za kuzuia faktori X, waliyokuwa wanailinganisha nayo. Ndege hakingwi na mlango mmoja uliokosekana pekee; ana pia thrombosaiti zisizorundikana, na hizo hakuna kidonge kinachoweza kumpa mtu.